Risasi za ganda la chuma zimepita 120, ya brasi ndiyo iliyokwama. AR-15 yangu ina tatizo gani?

MtuWaKilosa (Houston, Texas)

Wakuu, habari za jioni. Naomba kuelimishwa, maana Jumamosi nimeaibika mbele za watu.

Nina AR-15, raifo inayopiga risasi za .223. Niliinunua mwaka juzi ikiwa imetumika, kwa mzee mmoja wa hapa niliyekuwa nafanya naye kazi ghalani. Si ya jina kubwa. Makaratasi yangu yako sawa, nasema mapema kabla hamjauliza. Kila mwisho wa mwezi mimi na jamaa yangu mmoja wa Tabora tunakwenda kulenga shabaha kwenye uwanja wa nje, mwendo wa saa nzima kutoka ninapokaa. Yeye ana AK ya Romania, WASR-10. Sisi tunaiita SMG tu, kama nyumbani.

Mwezi huu nikaangalia bei, nikanunua kasha la risasi 500 za ganda la chuma, yale ya kijivu kama bati. Kampuni sitaitaja, sijui kama kosa ni lao. Nikapiga magazini nne za risasi 30, haraka haraka, jumla 120. Hakuna kilichokwama. Moshi ulikuwa mwingi tu, na harufu yake nzito kuliko niliyoizoea.

Tukapumzika tukala chapati na maharage aliyotufungia shemeji. Tuliporudi jamaa akanipa magazini moja ya risasi za ganda la brasi (shaba iliyochanganywa na zinki), zile nzuri zinazong'aa. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikalia, halafu kimya. Navuta mpini wa kukokia, hauji. Navuta kwa mikono miwili, hauji. Msimamizi wa uwanja akaja bila kusema neno, akachomoa magazini, akasukuma kitako kikawa kifupi, akaelekeza mdomo wa bunduki juu, akagonga kitako kwenye mkeka wa mpira huku anavuta mpini. Pigo la tatu ganda likaruka. Ninalo hapa mezani. Ukingo wa tako lake umeng'atwa kipande, kama chapati iliyopitiwa na mtoto, na ubavuni lina mchirizi wa masizi.

Sasa naomba mnisaidie. Inakuwaje za bei rahisi 120 zipite halafu ya bei ghali ndiyo ikwame? Na mbona SMG ya jamaa inakula hizo hizo za chuma, haijasafishwa tangu Pasaka, wala haikohoi? Nina pia bastola ya 9mm, naogopa kuijaribia.

Nilipita kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Ruvu mwaka 2014, kwa mujibu wa sheria. Tulipiga SMG, maganda yake yanang'aa kama pete mpya, na sikuona hata moja ikikwama. Maganda yale tulihesabishwa baada ya kupiga. Siku moja likakosekana moja, kombania nzima tukatambaa kwenye nyasi mpaka giza. Kwa hiyo nilijua risasi nzuri ni ya ganda la kung'aa, basi.

Naomba kuwasilisha.

Simba_wa_Dallas

Mkuu hiyo ni laka, ile kama vanishi. Maganda ya chuma yanapakwa laka yasishike kutu. Chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, ikipata moto laka inayeyuka, mkienda kula chapati inapoa inakuwa gundi. Tupa hizo risasi.

FundiMstaafu (Columbus, Ohio)

Kijana wa Kilosa, pole. Hiyo si aibu. Aibu ni yule anayekwamiwa halafu anachungulia mtutu kwa jicho. Msimamizi wako alifanya sawasawa, na kufupisha kitako kabla ya kugonga ndicho wengi wanachosahau, wakakivunja.

Nilikaa ghala la silaha miaka 22. Siku hizi naishi kwa binti yangu, hataki bunduki ndani ya nyumba, na nyumba ni yake. Kwa hiyo mimi ni fundi wa maneno tu, lakini hili la kwako nimeliona mara nyingi.

Kwanza nimalizane na Simba wa Dallas. Habari ya laka ni ya zamani na inasemwa kila kijiwe. Miaka michache nyuma nilichukua ganda tupu la laka ya kijani, nikaliweka juu ya jiko la umeme, kwenye kikaango, moto wa mwisho. Nilisubiri litiririke. Likageuka kahawia, likageuka jeusi, likanuka mpaka king'ora cha moshi kikalia. Halikutiririka. Kikaango nilinunua kingine. Isitoshe, hayo ya kijivu aliyonunua kijana kwa kawaida hayana laka kabisa, yamepakwa polima, aina ya plastiki. Kama gundi ingekuwa laka, bunduki yake imekwamishwa na nini?

Imekwamishwa na masizi. Sikiliza.

Ganda lina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kushika baruti, fataki inayoiwasha na kichwa kinachoruka mahali pamoja. Ya pili ni kuziba. Risasi ikilipuka, ganda linavimba na kubana kuta za chemba, gesi isipate pa kurudi nyuma. Halafu shinikizo likishuka, ganda linatakiwa lijikunjue, liachie kuta, ling'olewe. Brasi inafanya yote mawili vizuri, ndiyo maana watu wanailipia. Chuma ni kikaidi. Kinachelewa kuvimba, hakibani vizuri, gesi na masizi vinapenya pembeni mwa ganda na kukaa kwenye kuta za chemba. Risasi 120 zimepita hivyo, kila moja imeacha kidogo, na mwili wa chuma mgumu ukawa unapita juu ya huo uchafu bila kuushika sana.

Mkaenda kula. Chemba ikapoa, masizi yakakauka. Mkarudi mkaweka brasi, inayovimba vizuri, laini. Ikajikandamiza kwenye yale masizi kama unga uliokandwa juu ya ubao usionyunyiziwa unga mkavu. Ukucha wa kung'olea ganda ukavuta, ganda likagoma, ukaondoka na kipande cha ukingo. Hicho ndicho ulichonacho mezani. Risasi nzuri imelipa deni la mwenzake.

Ukitaka kuhakikisha, chukua brashi ya chemba ya AR, si ile ya mtutu. Ya chemba ina sehemu nene nyuma na nyembamba mbele. Izungushe kavu mara kumi uone inatoka na rangi gani.

Sasa swali lako la SMG, ambalo ndilo zuri zaidi. Fanya hivi ukiwa umekaa mezani, pasipo na bunduki karibu. Chukua risasi moja ya jamaa yako, 7.62x39, ilaze iviringike yenyewe. Haitakwenda moja kwa moja, itapinda kona kama pia iliyoanguka. Chukua ya kwako ya .223, iviringishe. Itapinda kidogo sana. Ya SMG mwili wake ni koni, nene takoni na unapungua kuelekea shingoni. Ya kwako iko karibu kuwa bomba. Ndiyo maana magazini ya SMG imepinda kama ndizi na ya AR imepinda kwa haya: ukipanga koni juu ya koni lazima upate upinde.

Koni ikivutwa nyuma unywele mmoja tu, imeshaachana na kuta zote kwa mpigo, kama sufuria zilizoingiliana. Bomba likivutwa linaendelea kusugua karibu njia nzima, kama kizibo cha chupa. Warusi walipoanza kuibuni risasi ile mwaka 1943 walikuwa na chuma kingi na vita vikubwa, na bunduki iliyokuja kuipiga ikajengwa hivyo hivyo: chemba iliyopakwa kromi (madini magumu, laini kwa juu), nafasi ya kutosha, ukucha mpana wa kung'olea, na gesi nyingi ya kurusha bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, bila kubembeleza. SMG haivumilii ganda la chuma kwa bahati, ganda la chuma ndicho chakula ilichozaliwa nacho. AR ilizaliwa na brasi.

Na usidhani AR ikila brasi tu imesalimika. M16 za mwanzo Vietnam, hasa 1966 na 1967, zilikwama na maganda ya brasi mpaka askari wakawa wanayasukuma kwa fimbo ya kusafishia wakiwa chini ya moto. Bunge la Marekani liliunda kamati mwaka 1967 kuchunguza. Baruti ilikuwa imebadilishwa, chemba hazikuwa na kromi, vifaa vya kusafishia vilikuwa haba. Kwa hiyo usilaumu ganda kabla hujaiuliza chemba.

Ruvu nako nina neno. Yale maganda yaliyokuwa yanang'aa kama pete, una hakika yalikuwa brasi? Risasi nyingi za Kichina za SMG ni ganda la chuma lililooshwa kwa shaba kwa juu. Linang'aa, lina wekundu kidogo. Sumaku ingekwambia. Huenda umekula ugali wa chuma Ruvu nzima ukidhani ni wali.

Kabla hujapiga tena, niandikie mambo matatu: mtutu wako umechongwa maneno gani, brashi imetoka na rangi gani, na springi ya ukucha wa bolti ukiibonyeza kwa kidole inasukuma au imelala. Na ikikwama tena, kwanza hakikisha iliyokwama imelia. Kama ni risasi nzima, usiingize fimbo mdomoni mwa mtutu hata kwa dawa. Ita mwenye uwanja. Na ukisikia moja imelia kinyonge, puu, badala ya mlio wake, simama hapo hapo. Huenda kichwa kimebaki ndani ya mtutu, na risasi ya nyuma yake ikija mtutu unapasuka.

Mkale_Minnesota

Sasa wadau. Mzee amesema kweli yote, naongeza kidogo tu.

Mimi ni wa Kericho, nilikuwa polisi huko nyumbani kabla nije huku. Tulibeba G3. Hiyo bunduki chemba yake ina mifereji myembamba kwa urefu, ukiangalia na tochi unaiona. Gesi inapita kwa hiyo mifereji, inazunguka nje ya ganda, ganda linakuwa ni kama linaelea, halishiki ukuta. Lazima iwe hivyo juu bolti yake inaanza kufunguka mapema ganda bado limevimba. Ukiokota ganda la G3 linakuwa na mistari nyeusi kama punda milia. Mtu wa G3 humjui kwa cheo, unamjua kwa maganda yake.

Sasa ndio unaona kila bunduki na tabia yake. Hapa Minnesota nina AK kama ya huyo jamaa wa Tabora. Januari nimepiga chuma kwa baridi ya kugandisha mafuta ya gari, na imekubali. Lakini nilikuwa na AR ya rafiki, chuma ilikuwa inatoka nusu: ganda halirushwi, linabanwa katikati ya mlango. Hiyo haikuwa masizi. Zile risasi zilikuwa dhaifu na yeye alikuwa ameweka bafa nzito (ule uzito unaosukumwa na bolti) kwa kitako, gesi haina nguvu ya kurudisha bolti yote. Aliporudisha bafa ya kawaida, kwisha maneno. Kwa hivyo boss, angalia ikwame *vipi*. Ganda kukwama ndani ya chemba ni ugonjwa mmoja. Ganda kukwama mlangoni ni mwingine.

BiHesabu (Atlanta)

Naona kaka zangu mnachambua chemba, mimi niulize kuhusu pochi. MtuWaKilosa, umenunua kwa senti ngapi moja?

MtuWaKilosa

Shikamoo Mzee. Asante sana, nimesoma mara mbili, na zile risasi nimeziviringisha kwenye meza ya jikoni, mke wangu akadhani nimerukwa na akili. Ya SMG kweli inapinda, karibu inirudie.

Dada BiHesabu, senti 36. Za brasi za kawaida dukani hapo hapo zilikuwa senti 44.

BiHesabu (Atlanta)

Haya. Tofauti ni senti 8. Unapiga ngapi kwa mwezi? Tuseme 200. Umeokoa dola 16.

Umesema uwanja wa nje ni mwendo wa saa nzima. Bila shaka mnakwenda huko kwa sababu ule wa ndani ulio karibu na nyumbani unakataza risasi za chuma. Mimi wa kwangu wana sumaku mlangoni, imefungwa kwenye kijiti kama mwiko. Wanaipitisha juu ya kasha lako, risasi ikinasa unarudi nazo kwenye gari. Wana sababu zao: vichwa vya risasi hizo mara nyingi vina koti la chuma lililopakwa shaba kiduchu, vinakwaruza bamba la nyuma na kutoa cheche, na maganda ya chuma yanachafua mapipa ya brasi ambayo wao wanauza kwa wanunuzi wa chakavu. Sasa kama mafuta ya kwenda mbali na kurudi yanakula dola 11, umebakiwa na dola 5. Soda na kashata.

Halafu kuna mtutu. Duka la risasi liitwalo Lucky Gunner lilifanya jaribio na kutoa matokeo mwaka 2013. Walichukua AR-15 nne za Bushmaster zinazofanana, kila moja ikapangiwa risasi 10,000 za aina yake: Federal ya brasi, Wolf, Brown Bear na Tula za chuma. Federal haikukwama hata mara moja. Brown Bear ilikwama mara 9, Wolf mara 15. Ya Tula iliwashinda, maganda yaling'ang'ania mpaka wakaitoa kwenye mashindano. Na Mzee atafurahi: Tula hiyo hiyo walipoihamishia bunduki nyingine ikaenda vizuri zaidi. Huenda ni chemba tu.

Lakini kilichonivutia mimi ni mitutu. Ile iliyokuwa inakula vichwa vyenye koti la chuma, kufikia risasi 6,000 hivi ilikuwa imechakaa, shabaha imetawanyika. Ya Federal ilimaliza 10,000 ikiwa bado ina uhai. Sasa wengi wanasikia hivyo wanakimbia. Piga hesabu: ukiokoa senti 8 kwa risasi 5,000, ni dola 400. Mtutu mpya wa kawaida pamoja na fundi, tuseme dola 250. Bado una faida. Tatizo la MtuWaKilosa si kwamba chuma ni hasara. Anapiga kidogo mno, kwa mwendo wake 5,000 ni miaka miwili, na faida yote anaichoma barabarani.

Zamani ilikuwa hadithi nyingine. Mwaka 2019 nilinunua 7.62x39 za chuma kwa senti 22, makasha yamepangwa dukani kama sabuni za mche. Agosti 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikatangaza vikwazo kwa sababu ya sumu aliyowekewa Alexei Navalny, mpinzani wa serikali ya Urusi, na kuanzia tarehe 7 Septemba vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi vikafungwa. Vibali vya zamani viliachwa viishe vyenyewe, kwa hiyo rafu zilipungua polepole, siku moja ukaangalia hakuna. Kwa mwenye AK lile lilikuwa pigo. Kwa 9mm, mara ya mwisho nilipoangalia, ya chuma ilipishana na brasi senti 2. Kwa senti 2 sibebi masizi ya mtu.

Simba_wa_Dallas

Dada umekuja kutufilisi kwa hesabu. Mimi nabaki na laka yangu.

FundiMstaafu (Columbus, Ohio)

Simba, kaa na laka yako, ila kikaango usichukue cha shemeji.

BiHesabu umenena. Kuhusu 9mm ya kijana sijamjibu. Bastola ni jambo jepesi zaidi. Shinikizo lake ni dogo kuliko la raifo, ganda ni fupi, na hilo nalo lina ukoni kidogo. Bastola nyingi za siku hizi zinakula chuma bila kinyongo. Wamarekani wenyewe wakati wa Vita Kuu ya Pili, shaba ilipokuwa adimu, walitengeneza risasi za .45 zenye ganda la chuma kwa wingi sana pale Evansville, Indiana, zikafanya kazi. Angalia mambo mawili tu: usiache risasi hizo kwenye unyevu wa Houston, kutu haiombi ruhusa, na usizitumie kwa kulinda nyumba. Za kulinda nyumba nunua nzuri, chache, ujaribu hamsini kwanza zipite zote.

Na kama unaokota maganda ya kujazia upya, sahau ya chuma. Mengi yana matundu mawili madogo pale chini ya fataki badala ya moja katikati, pini ya kuchomolea haina pa kupita.

MtuWaKilosa, wiki mbili baadaye

Wakuu, nimerudi na majibu, msinione kimya.

Mtutu umechongwa ".223 REM". Sio 5.56, ile ya kijeshi inayokaribia kufanana nayo. Mzee nilivyokutumia kwenye ujumbe ukaniambia kwamba chemba hiyo inakuwa na nafasi finyu zaidi, nikaelewa kwa nini wenzangu wenye 5.56 wananicheka. Hakuna neno lolote la kromi.

Brashi. Niliizungusha kavu mara kumi kama ulivyosema, ikatoka nyeusi kama sufuria ya makande ya shule. Nikaweka kiyeyushio, nikasubiri dakika kumi na tano, nikazungusha tena, ukatoka uji mweusi. Nikamulika na tochi ya simu: karibu na pale bega la ganda linapokaa kulikuwa na pete ya masizi, ngumu, nikaikwangua kwa kitambaa kwenye brashi. Nadhani baadhi ilikuwa ya yule mzee aliyeniuzia. Sijawahi kusafisha chemba tangu niinunue. Nilikuwa nasafisha mtutu tu, napitisha kitambaa, kinatoka cheupe, najisifu.

Springi ya ukucha ilikuwa imelala. Nikibonyeza kwa kidole gumba unaingia kama kitufe cha rimoti. Nikanunua springi mpya na kile kipira chake cha ndani, dola 7 pamoja. Kukiingiza kile kipini cha ukucha nilitumia nusu saa na maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jumamosi tumekwenda. Nilikuwa nimebakiwa na za chuma 380. Nikapiga 200 polepole, nikiandika kwenye karatasi kila magazini. Kukwama ndani ya chemba: sifuri. Ya 143 ganda lake lilibanwa mlangoni, lile analosema kaka wa Kericho. Nikalitoa kwa kidole, nikaendelea, halikujirudia. Halafu, kabla ya kugusa brasi, nikakaa pembeni nikapitisha brashi ya chemba na kitambaa kikavu, dakika tano. Jamaa wa Tabora amesimama na SMG yake isiyooga ananiuliza kama nampamba bibi harusi. Nikapiga brasi 30. Zote zimetoka. Nimeokota moja nikaiweka kando ya ile iliyong'atwa: ubavuni ni safi, hakuna mchirizi.

Dada BiHesabu, nimekubali yaishe. Hizi 180 zilizobaki namalizia, au nampa mtu mwenye kromi. Mwezi ujao nanunua brasi na nakwenda ule uwanja wa karibu wenye kiyoyozi.

Mzee, kuna jambo la mwisho, na nakuomba unisikilize kabla hujafoka. Ulisema habari ya sumaku na maganda ya Ruvu. Juzi nilimpigia mdogo wangu Kilosa. Nikamwambia aende chumbani kwa mama, kabatini, kwenye kopo la vifungo. Achukue sumaku kutoka ile spika mbovu ya redio.

Limenasa.

FundiMstaafu (Columbus, Ohio)

Marahaba.

Ngoja kwanza. Kombania nzima ilitambaa kwenye nyasi mpaka giza.

MtuWaKilosa

Na mimi nilitambaa, Mzee. Tena mstari wa mbele.

Mkale_Minnesota

Wacha!

FundiMstaafu (Columbus, Ohio)

Mwambie mdogo wako kesho asubuhi alipeleke kituo cha polisi, aseme ameliokota. Wewe ukija Ohio, pitia hapa nyumbani. Nina nyuma ya nyumba kipande cha nyasi, mita kama arobaini.